Kambi ya Kalamu Kando ya Ziwa Kivu

MSOMAJI wetu aliye jeshini au polisi hahitaji kufundishwa maana ya kambi. Anajua kulala mahali pasipo pake, kuamka kabla ya jua, kula kwa saa, na kukaa mbali na mke, watoto na jirani ili kazi moja tu ifanyike. Lakini huenda hajapata kusikia ya kwamba wapo watu wasiovaa sare ambao nao huingia kambini kwa shabaha kama hiyo. Hao ni waandishi. Huuacha mji wakaenda mashambani, wakajifungia siku kumi, mwezi, au hata miezi miwili. Silaha yao ni kalamu na daftari, na siku hizi kompyuta ndogo ya kubeba mkononi. Wala hawavunji kambi mpaka kila mmoja awe na kitu alichokiandika.

Wapo watakaocheka. Watauliza: je, nyumbani hakuna meza? Mtu mzima mwenye akili zake aende mlimani kuandika hadithi, na shamba lake alimwachie nani? Swali hilo ni la haki, na ndilo tunalotaka kulijibu leo. Tutalijibu kwa kuitazama nchi ya Rwanda, na hasa wilaya ya Rusizi, kwa sababu huko mambo mawili yanakutana: utulivu ambao mwandishi huutafuta, na kumbukumbu nzito ambayo hakuna mwandishi awezaye kuikwepa. Tunaliandika jambo hili kwa ajili ya askari kwa sababu, kama tutakavyoonyesha, kalamu inawahusu wao pengine kuliko watu wengine wote.

RUSIZI ILIVYO

Wilaya ya Rusizi iko katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Kabla ya mpangilio mpya wa utawala wa mwaka 2006 eneo hili lilikuwa ndani ya mkoa wa Cyangugu, na watu wengi hata leo hulitaja kwa jina hilo. Mji wake mkubwa ni Kamembe. Chini yake limelala Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na pale maji ya ziwa yanapotoka ndipo Mto Rusizi unapoanza safari yake ya kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Mto huo ndio mpaka. Ng'ambo yake ni mji wa Bukavu, nchini Kongo, na mtu aliyesimama upande wa Kamembe huyaona mabati ya nyumba za Bukavu yakimeta jua linapopiga.

Anayetoka Kigali kwa gari hupita Huye, kisha Nyamagabe, halafu huingia msitu wa Nyungwe. Msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake barabara hujipinda kama nyoka, ukungu hushuka mchana, na nyani hukaa kando ya lami wakiwatazama wapitao. Mtu akitoka upande wa pili hukuta mashamba ya chai yaliyopangwa safu kwa safu, kana kwamba yamekaguliwa na sajini-meja. Mbele zaidi ziko kahawa za Mibirizi, ambako wamisionari walipanda kahawa ya kwanza ya Rwanda mnamo 1904. Kusini kabisa, katika bonde la Bugarama, nchi huwa tambarare na joto, ukalimwa mpunga, na kiwanda cha saruji kikatoa vumbi lake jeupe.

Kiswahili si kigeni huko. Kwa kuwa ni mji wa mpakani, Kamembe imezoea lugha ya soko na ya safari, na Bugarama vilevile. Mwaka 2017 sheria ya Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Basi mwandishi wa Kiswahili anayekwenda Rusizi haendi ugenini kabisa. Atanunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa lugha yake mwenyewe, na atajibiwa.

RATIBA ISIYO NA GWARIDE

Sisi tulikaa huko siku kumi pamoja na waandishi wengine, jumla yetu watu tisa, katika nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima nje kidogo ya mji. Walikuwamo walimu wawili, mwuguzi, mwanafunzi wa chuo, mtangazaji wa redio, mkulima mmoja aliyependa mashairi, sajini mstaafu wa jeshi na koplo mstaafu wa polisi. Majina yao tunayahifadhi, maana yaliyosemwa pale yalisemwa kwa kuaminiana.

Askari angeshangaa kuona jinsi siku zetu zilivyofanana na zake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri taa za vyumba zilikuwa zimewaka. Kutoka saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza na mwenziwe. Hizo zilikuwa saa za kuandika. Simu zilikusanywa zikawekwa ndani ya kikapu. Baada ya chai na viazi vitamu kila mtu alirudi mezani mpaka adhuhuri. Alasiri tulitembea, wengine wakishuka hadi ziwani, wengine wakikaa chini ya mikaratusi. Jioni tuliketi kwa duara, na mmoja baada ya mwingine akasoma kwa sauti kile alichokiandika siku hiyo.

Hapo ndipo jasho lilipotutoka. Sheria ilikuwa moja: msomaji haruhusiwi kujitetea. Asome, anyamaze, na wenziwe waseme walichokisikia na wasichokielewa. Mtu aliyezoea kusifiwa nyumbani aliambiwa mbele ya wote kwamba kurasa zake tatu za mwanzo hazina kazi. Mwingine aliambiwa kwamba mhusika wake hali, halali wala hafanyi kazi yoyote, ila anatoa hotuba tu. Siku ya tatu baadhi yetu tulikuwa kimya kama kuruti aliyekemewa katika kwata. Siku ya sita maandishi yalianza kunyooka.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili. Meza ipo nyumbani, lakini nyumbani hakuna saa nne za mfululizo, wala hakuna watu wanane walioapa kukuambia ukweli. Kuruti angeweza kujifunza kulenga shabaha nyuma ya nyumba yao kama ingekuwa ni suala la bunduki tu. Anapelekwa kambini kwa sababu ya nidhamu na kwa sababu ya wenzake. Mwandishi naye ni hivyo hivyo.

Wala jambo hili si geni katika nchi zetu. Chama cha waandishi wanawake wa Uganda, FEMRITE, kilichoanza katikati ya miaka ya 1990, kimekuwa kikiwakusanya wanawake waandishi wa nchi mbalimbali za Afrika katika kambi za namna hii. Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Waafrika, nayo imekuwa ikifungua kambi za uandishi katika nchi tofauti, ikiwamo Uganda mwaka 2013 na Rwanda mwaka 2018, na hadithi zilizozaliwa humo huchapishwa kitabuni. Lakini kambi iliyo kubwa kuliko zote kwa uzito wake ilikuwa ya mwaka 1998, na hiyo yataka ielezwe kwa kituo.

WAANDISHI KUMI WA MWAKA 1998

Kati ya Aprili na Julai 1994 Rwanda ilipatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa muda wa siku mia moja hivi watu wapatao milioni moja waliuawa, wengi wao kwa mapanga na marungu, na mara nyingi kwa mkono wa jirani. Waandishi wa Afrika, isipokuwa wachache, walikuwa kimya. Habari ziliandikwa na wageni waliokuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege.

Nocky Djedanoum, mwandishi wa Chad aliyekuwa akiishi Ufaransa, aliuona ukimya huo kuwa ni aibu. Pamoja na Maïmouna Coulibaly alikuwa akiendesha tamasha la fasihi liitwalo Fest'Africa katika mji wa Lille. Wakatoa wito: waandishi wa Afrika waende Rwanda, wakae, wasikilize, kisha waandike. Waliitikia kumi, kutoka nchi nane. Walikuwamo Boubacar Boris Diop wa Senegali, Véronique Tadjo wa Kodivaa, Tierno Monénembo wa Gine, Abdourahman Waberi wa Jibuti, Monique Ilboudo wa Burkina Faso, Koulsy Lamko na Djedanoum mwenyewe wa Chad, Meja Mwangi wa Kenya, na Wanyarwanda wawili, Jean-Marie Vianney Rurangwa na Vénuste Kayimahe. Meja Mwangi alikwisha julikana kwetu kwa vitabu vyake vya miaka ya 1970, kikiwamo kile kinachosimulia habari za wapiganaji wa Mau Mau msituni.

Katikati ya mwaka 1998 waandishi hao walikaa Rwanda. Walikwenda Nyamata na Ntarama, ambako watu waliuawa ndani ya makanisa. Walikwenda Murambi, karibu na Nyamagabe, katika njia ile ile anayopita mtu aendaye Rusizi. Murambi ilikuwa shule ya ufundi. Mwezi wa Aprili 1994 watu waliambiwa wakusanyike huko ili walindwe. Wakakusanyika kwa maelfu. Na tarehe 21 ya mwezi huo wakashambuliwa. Waandishi wale walipita katika madarasa ambamo miili ilikuwa imehifadhiwa juu ya meza za mbao. Waliwasikiliza walionusurika, na waliingia magerezani wakawasikiliza walioua.

Mwaka 2000 baadhi ya vitabu vyao vililetwa Kigali na kusomwa mbele ya Wanyarwanda wenyewe. Kila mmoja alikuwa ameshika njia yake. Diop aliandika riwaya yenye jina la Murambi, ambamo sauti nyingi zinasema kwa zamu: anayewindwa, anayewinda, hata afisa wa jeshi la kigeni. Ndani yake yumo kijana anayerejea nchini kutoka ughaibuni, akagundua kwamba baba yake mzazi, daktari aliyeheshimiwa, ndiye aliyepanga mauaji ya shule ile. Monénembo alimpa usimulizi mtoto wa mitaani aliye gerezani. Tadjo aliandika masimulizi ya safari yake. Rurangwa aliandika kwa njia ya maswali na majibu, kana kwamba anamweleza mgeni asiyejua lolote. Kayimahe aliandika yaliyompata mwenyewe: alikuwa mfanyakazi wa kituo cha utamaduni cha Ufaransa mjini Kigali, na wageni walipohamishwa mwezi wa Aprili 1994 yeye aliachwa nyuma.

Wapo ambao kambi ile iliyabadili maisha yao. Lamko alibaki Rwanda, akaanzisha kituo cha sanaa na michezo ya kuigiza katika chuo kikuu cha Butare. Diop, aliyekuwa akiandika Kifaransa siku zote, alirudi katika lugha ya mama yake. Mwaka 2003 alichapisha riwaya kwa Kiwolofu, naye amesema mara nyingi kwamba safari ya Rwanda ndiyo iliyomfikisha hapo. Hilo na liwe funzo kwa sisi tunaoandika Kiswahili na huku tunaona haya, tukidhani mambo mazito hayaelezeki ila kwa lugha ya Ulaya.

JE, NI HALALI?

Waandishi wale walikabiliwa na swali ambalo nasi tulilijadili Rusizi usiku mmoja hadi taa zikafifia. Je, ni halali kuyafanya mauti ya watu kuwa hadithi? Mtu aliyempoteza mama yake hataki kusikia kwamba mgeni ametunga. Anataka jina, siku, mahali, na nani alifanya.

Mwuguzi wetu alikuwa upande wa wanaokataa. Alisema hadithi humfariji msomaji, na msomaji hana haki ya kufarijiwa kwa jambo kama hilo. Mwalimu mmoja akajibu kwamba hesabu ya watu milioni moja haiingii akilini mwa mtoto wa shule. Mtoto ataelewa mtu mmoja, aliyekuwa na mbuzi mmoja na dirisha moja bovu. Mkulima wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Anayetunga na asizue. Atunge maneno ya mtu, lakini asizue kifo wala asikifute." Hatukupata kauli bora kuliko hiyo.

Tulikuwa tukizungumza mahali ambapo maneno hayo hayakuwa ya mbali. Mjini Kamembe kuna uwanja wa michezo wa Kamarampaka. Mwezi wa Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia kanisani walihamishiwa uwanjani hapo, wakawekwa chini ya ulinzi. Lakini walinzi hawakuwalinda. Watu waliitwa kwa majina, wakatolewa nje, wakauawa. Luteni aliyekuwa mkuu wa kambi ya jeshi ya Karambo, mjini humo humo, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 27, na katika rufani ya mwaka 2006 adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 12.

Tunalitaja jambo hili mbele ya askari kwa makusudi. Mahakama ile haikuwa na picha za kila lililotendeka. Ilikuwa na watu waliokumbuka, na karatasi. Nani aliona, saa ngapi, akiwa amesimama wapi, nani alitoa amri na nani aliisikia: kwa mambo hayo mtu hutiwa hatiani, na kwa mambo hayo hayo mtu asiye na kosa huachiliwa. Askari aliyeandika kwa uaminifu siku hiyo hiyo humlinda raia, humlinda mwenziwe, na hujilinda mwenyewe.

TAARIFA NA HADITHI

Koplo wetu mstaafu alikuja kambini akiamini kwamba hajui kuandika. Kumbe alikuwa ameandika miaka ishirini na minane, kila zamu, katika kitabu cha matukio cha kituo. Tulimwomba asimulie jinsi anavyoandika taarifa. Akasema: kwanza saa, pili mahali, tatu nani amekuja, nne amesema nini kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno yangu. Mwalimu aliyekuwa akituongoza alisimama akaandika mambo hayo manne ubaoni, akasema kwamba nusu ya ufundi wa uandishi imekwisha kutajwa.

Nusu nyingine ilikuwa kazi ya sajini. Mzee huyo alikuwa na maneno machache. Jioni ya kwanza alitusomea mstari mmoja tu: kwamba katika tukio fulani kikosi chao kilimpoteza mtu mmoja. Akafunga daftari. Mwanafunzi, kijana wa miaka ishirini na moja, akamwuliza kwa adabu, "Shikamoo tena, mzee. Huyo mmoja alikuwa nani?" Sajini akajibu, "Marahaba. Alikuwa askari." Akatoka nje.

Siku ya nne alisoma ukurasa mzima. Yule mmoja alikuwa na jina. Alipenda chai yenye tangawizi nyingi hata wenziwe wakamkataza asiipike. Alikuwa amemkopesha sajini kipande cha sabuni, na sabuni hiyo haikulipwa. Siku ya saba sajini alisoma jinsi alivyokufa, na kwamba hakufa papo hapo, na aliyoyasema. Hakuna aliyetoa maoni usiku huo.

Ndipo ilipotujia habari ambayo mzee huyo alikuwa ameibeba zaidi ya miaka ishirini. Mama wa marehemu alikuwa bado hai. Alipewa heshima zote za kijeshi, alipewa bendera, alisomewa barua yenye muhuri. Barua ilisema kwamba mwanawe alikufa akitimiza wajibu wake, na hilo lilikuwa kweli. Lakini mama alikuwa akiuliza jambo jingine kwa kila askari aliyepita kijijini: je, mwanangu alikufa peke yake? Sajini alikuwa anajua jibu. Alikuwa amepita karibu na nyumba ile mara tatu, na mara zote tatu hakuingia.

Mabishano yalifuata, tena makali. Koplo alisema kiapo ni kiapo. Mambo ya kazini hayapelekwi vijijini. Mtangazaji alisema mama ana haki kuliko faili. Sajini mwenyewe ndiye aliyekata shauri, na kwa maoni yetu alikata kwa busara. Alichukua kalamu nyekundu akafuta jina la mahali, hesabu ya watu, njia waliyopita na amri waliyopewa. Alipomaliza, kurasa zilibaki kumi na moja. Tangawizi ilibaki, sabuni ilibaki, maneno ya mwisho ya yule kijana yalibaki, na ilibaki habari kwamba kichwa chake kilikuwa juu ya goti la mwenziwe. "Haya," alisema, "nitampelekea kwanza mkuu wa kikosi changu cha zamani ayasome. Akisema hayana neno, nitakwenda kwa mama mwenyewe nimsomee. Hasomi."

Hatujui mkuu huyo atajibu nini. Lakini tuliona wazi siri ya kazi inakoishia na ubinadamu unakoanzia, na tuliona kwamba mstari huo unaweza kuchorwa na askari mwenyewe, kwa kalamu, bila kuvunja kiapo.

ASKARI WALIOSHIKA KALAMU

Asidhani mtu kwamba askari kuandika ni kioja cha leo. Leo Tolstoy, mwandishi mkubwa wa Urusi, alikuwa afisa wa mizinga katika mji wa Sevastopol uliozingirwa, naye aliandika masimulizi ya vita hivyo mwaka 1855 akiwa bado ndani ya sare. Sembène Ousmane wa Senegali, baba wa sinema ya Afrika, alikuwa askari katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kwetu Afrika Mashariki mifano ipo. Robert Kakembo wa Uganda, aliyetumika katika vita hivyo hivyo, alitoa mwaka 1946 kijitabu cha kueleza mawazo ya askari Mwafrika anayerudi nyumbani. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma katika jeshi la King's African Rifles kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau, aliandika kumbukumbu zake zikatoka mwaka 1967. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilisimuliwa kwa Kiswahili na Baldwin Mzirai katika kitabu chake cha mwaka 1980. Huyo hakuwa askari bali mwandishi wa habari, na kitabu chake bado ni msaada kwa anayetaka kujua yaliyotukia.

Tuwatazame hasa Waganda wawili. Bernard Rwehururu alikuwa afisa katika jeshi la Idi Amin. Mwaka 2002 alitoa kitabu kinacholieleza jeshi hilo kutoka ndani. Pecos Kutesa alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa msituni walioingia Kampala mwaka 1986. Mwaka 2006 naye alitoa kitabu chake, akasimulia jinsi alivyoyaona mapinduzi hayo. Huyu alitoka huku, yule alitoka kule. Mjukuu atakayevisoma vitabu vyote viwili atajifunza zaidi kuliko atakayesoma kimoja, na atajua kwamba katika pande zote walikuwamo watu wenye njaa, woga, mzaha na dhamiri.

Lakini hao ni maafisa, na wengi wao waliandika Kiingereza. Koplo wa lindo, dereva wa lori la chakula, mpishi wa kambi, mwanamke askari anayepokea wanawake waliopigwa usiku: vitabu vya hao viko wapi? Kiswahili kimekuwa lugha ya makambi yetu tangu enzi za King's African Rifles. Kimetoa amri, kimeimba nyimbo za kukimbia asubuhi, kimeomba maji na kimeaga. Ajabu ni kwamba lugha iliyofanya kazi yote hiyo bado ina vitabu vichache vilivyoandikwa na askari wa kawaida.

KAMBI YA MTU MMOJA

Tunajua kwamba si kila askari atapata siku kumi za kwenda kando ya Ziwa Kivu. Likizo ni chache, na shamba linangoja. Kwa hiyo tunatoa mashauri tuliyoyapata kule, ambayo mtu anaweza kuyatumia katika chumba chake cha kambini, juu ya sanduku lake la chuma.

Kwanza, chagua saa moja ya siku, ile ile kila siku, hata kama ni nusu saa kabla ya zamu. Iheshimu kama unavyoheshimu lindo. Zima simu.

Pili, anza na kitu kidogo unachokijua kwa mikono yako. Usianze na vita. Anza na buti, na sufuria ya kambi, na sauti ya mlango wa mahabusu. Kikubwa kitakuja chenyewe kikifuata njia ya kidogo.

Tatu, shika mambo manne ya koplo: saa, mahali, mtu, na maneno yake mwenyewe. Kisha ongeza jambo la tano alilotufundisha sajini, yaani lile dogo ambalo taarifa haina nafasi yake.

Nne, tenga daftari lako na kazi ya serikali. Yaliyo siri yabaki siri. Usiandike idadi, mahali, mpango, wala jina la mtu aliyekuamini. Ikiwa unakusudia kuchapisha, wape wakuu wako wasome kwanza. Mwandishi anayewaponza wenziwe ili asifiwe hastahili jina hilo.

Tano, tafuta wawili au watatu wa kukusikiliza, na uwape ruhusa ya kukuambia ukweli. Wakisema, nyamaza. Afande aliyezoea kutii amri bila kujibu ana nguvu kuliko sisi raia katika jambo hili, maana sisi ilituchukua siku tatu kuizoea.

Mwisho, usingoje kustaafu. Sajini wetu alisema kwamba kila mwaka uliopita ulimwibia sura moja ya watu aliotumika nao. Alikuwa akizikumbuka sauti, lakini sura zilikuwa zikififia kama picha iliyoachwa juani.

Waandishi kumi wa mwaka 1998 walikwenda Rwanda miaka minne baada ya mauaji, wakaona tayari wamechelewa. Waliandika hata hivyo, na kwa kuandika walifanya kazi inayofanana na ya mlinzi wa usiku: kukaa macho wakati wengine wamelala, na asubuhi kusema kwa uaminifu kile alichokiona. Kazi hiyo askari anaijua tangu siku aliyovaa sare. Kilichobaki ni kuinunua daftari, na bei yake haizidi ya kiberiti na sigara chache.

Wasomaji wetu mlioko makambini na vituoni, daftari hiyo mkiisha kuijaza, watoto wenu hawatalazimika kuuliza kwa wapita njia.